Wimbo na Leseni: Historia Fupi ya Tiba ya Muziki kwa Walioumia Ubongo

Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani amepoa. Methali hii inawahusu hasa watu walioumia ubongo. Hapa Sherikat, mashariki ya Mto Nile, kando ya barabara iendayo Nimule, bodaboda hupishana na malori kutwa nzima, na majeraha ya kichwa si habari ngeni. Ngozi hufunga, nywele huota juu ya kovu, lakini majeruhi huenda asiweze kutamka hata jina la mama yake. Hali ya kupoteza uwezo wa lugha kwa sababu ya kuumia ubongo huitwa afasia; kiharusi nacho huweza kuileta. La ajabu ni kwamba baadhi ya watu hao, wakisikia wimbo wanaoufahamu tangu utotoni, huuimba pamoja na maneno yake. Jirani akiona hivyo husema mgonjwa anajifanya bubu, au amerogwa. Historia inatupa jibu jingine.

Katika karne ya 18, Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za kijana aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi baada ya kuugua, lakini akaweza kuimba tenzi za kanisani. Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan". Akaona kwamba sehemu ya mbele ya upande wa kushoto ilikuwa imeharibika. Uchunguzi huo ulisaidia kuonyesha kwamba kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto. Uimbaji, kwa upande wake, hutumia sehemu nyingi za pande zote mbili. Ndiyo maana mlango wa maneno unaweza kufungwa huku ule wa wimbo ukabaki wazi.

Mwaka 1973, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, waliofanya kazi Boston nchini Marekani, walieleza namna ya kuutumia mlango huo. Mgonjwa hufundishwa kutamka sentensi fupi ya kila siku, mfano "nataka maji", kwa sauti ya kupanda na kushuka, huku akigonga kwa mkono wa kushoto mara moja kwa kila silabi. Kadiri anavyopata nafuu, mtabibu hupunguza uimbaji kidogo kidogo mpaka maneno yabaki peke yake. Lengo la tiba hiyo ni usemi, na wimbo ni ngazi ya kuufikia. Mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi kichwani tarehe 8 Januari 2011, alipata tiba ya muziki alipokuwa akijifunza upya kusema. Safari yake imekuwa ndefu, kwani afasia haikumwacha kabisa.

Huenda msomaji akauliza: je, sisi Waafrika hatukuyajua haya zamani? Tuliyajua kwa namna yetu. Neno "ngoma" lina maana ya chombo kinachopigwa, na pia mchezo wenyewe. Katika pwani ya Waswahili hupigwa hata wakati wa kupunga pepo. Nchini Sudan, zar nayo imewafariji wengi kwa mdundo na nyimbo. Lakini faraja ya jamii ni jambo moja, na kupima jeraha la ubongo, kuweka lengo na kuandika maendeleo ya mgonjwa kila wiki ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa taaluma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, wanamuziki walialikwa kuwapigia askari majeruhi katika hospitali za Marekani. Ilidhihirika kwamba ufundi wa ala pekee hautoshi. Chuo cha Michigan State kilianzisha masomo ya shahada mwaka 1944, chama cha taifa kikaundwa mwaka 1950, na bodi ya kuwathibitisha wataalamu mwaka 1983. Leo mwanafunzi huko hutakiwa kutimiza saa 1,200 za mafunzo ya vitendo. Barani kwetu, Afrika Kusini husajili wataalamu wa tiba ya muziki kupitia baraza lake la taaluma za afya.

Kwa nini leseni? Kwa sababu muziki una nguvu, na chenye nguvu huweza kudhuru. Kelele humchosha mgonjwa anayeanza kupata fahamu. Kwa watu wachache, muziki huamsha kifafa. Mwaka 2017, uchambuzi wa majaribio 29 yenye washiriki 775 ulionyesha kwamba muziki unaweza kuboresha mwendo wa miguu na mawasiliano ya walioumia ubongo, na kwamba tiba inayotolewa na mtaalamu aliyefunzwa huenda ikafaa zaidi. Zaidi ya hayo, mwenye leseni huwajibika. Akikosea, kuna chombo cha kumwita na kumhoji.

Wanafunzi wapendwa, neno "mwananchi" linabeba haki na wajibu. Wajibu wetu ni kumwimbia ndugu aliyeumia bila kumcheka, na kumpeleka hospitali kwanza. Haki yetu ni kudai wataalamu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Itifaki ya Soko la Pamoja inazungumzia kutambuana kwa vyeti vya kitaaluma baina ya nchi wanachama. Basi kijana wa Sherikat mwenye kipaji cha muziki na moyo wa huruma ana sababu ya kuuliza ni lini vyuo vya ukanda huu vitamfundisha kazi hii, na ni baraza gani litakalomsajili.