Nani Kakalia Kiti?

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifura likameza maboma ya watu ufuoni. Baadhi ya waliofukuzwa na maji walipanda juu kidogo, wakaja kukaa karibu nasi hapa Usenge, kwenye mashamba ya wenyewe. Kijaluo kina jina la zamani la mtu kama huyo: jadak, mgeni anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Jadak hulima kwa ruhusa, na barazani haongei sana.

Walitaka kuunda kikundi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi na laptopu yangu, basi nikaitwa. Katiba niliiandika usiku mmoja. Fomu nikazijaza mimi. Kufikia mkutano wa tatu nilikuwa mwenyekiti, na kusema kweli, nilifurahi.

Halafu nikasoma habari za Lundha.

Desemba 1921, maelfu ya watu walikusanyika Lundha, kule Gem. Kenya ilikuwa imegeuzwa koloni mwaka mmoja kabla, kodi ilikuwa imepanda, na wanaume walikuwa wakitembea na kipande shingoni. Hapo ndipo vijana waliosomea misheni walipounda Young Kavirondo Association; Kavirondo ndilo jina ambalo wakoloni walilitumia kwa upande huu wa ziwa. Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Wananchi walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Na ilisema kweli: kodi ipunguzwe, kipande kiondoke, watu wapewe hati za mashamba yao, hadhi ya koloni ifutwe. Julai 1922 Gavana Northey akalazimika kuja kuwasikiliza.

Serikali iliingiwa na wasiwasi. Ndipo Walter Edwin Owen, kasisi mkuu wa Waanglikana eneo hili, akajitokeza kusaidia. Mwaka 1923 chama kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na rais wake akawa Owen mwenyewe.

Hakuwa mtu mbaya. Alipinga kazi za kulazimishwa, akaandika barua hadi Uingereza, mpaka walowezi wakamchukia. Lakini chini yake chama kilianza kuhimiza watu wachimbe vyoo, waue panya, wapande miti. Madai makubwa ya Lundha yakasukumwa nyuma. Vyoo ni vizuri, sikatai. Ila si vyoo vilivyowatoa watu makwao kwenda Lundha.

Nilifungua kumbukumbu za mikutano yetu. Ajenda ya kwanza, kwa mwandiko wangu, ilikuwa mradi wa kuku. Na lile walilolitaja siku ya kwanza kabisa? Nilikuwa nimelitupa chini, kwenye “mengineyo”: mahali pa kuzika wafu wao. Nilijiambia bado ni mapema, tusiwachokoze wenye ardhi. Mmoja wa wenye ardhi ni baba yangu mdogo.

Mkutano uliofuata nilikiri hivyo mbele yao. Kimya kikatanda. Kisha mama mmoja muuza omena akasema, “Nyathina, wewe ukifa utazikwa bomani kwa babako. Sisi je?”

“Sina jibu, mama.”

“Basi toka hapo mbele, uje ukae na sisi.”

Nilitoka. Walipiga kura, akachaguliwa yeye. Katiba yangu waliisoma kifungu kwa kifungu kwa Kijaluo na kukata karibu nusu. Kuku wakaenda chini kabisa, pale nilipokuwa nimeyaweka makaburi.

Okwiri na wenzake walikuwa wameanza na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wao. Msaada ulihitajika, naam, lakini haukuhitaji kukalia kiti. Siku hizi nikiitwa, huwa ni kwa barua ya kuchapisha. Wiki iliyopita walinituma nipeleke moja kwa baba yangu mdogo. Wameisaini wenyewe. Jina langu halimo.