Kura ya 1969 na namba za kompyuta

Kambini nafasi za kozi huwa chache kuliko waombaji, basi tunapiga kura ya vikaratasi. Na lazima atokee mmoja nyuma aulize: "Hivyo vikaratasi mmevichanganya kweli?" Watu humwona msumbufu. Mimi naona historia iko upande wake.

Tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, serikali ya Marekani ilipiga kura mbele ya kamera za televisheni. Ilikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na kura ndiyo ingeamua vijana gani waitwe jeshini kwanza. Iliwahusu waliozaliwa kuanzia 1944 mpaka 1950. Tarehe zote 366, pamoja na 29 Februari, ziliandikwa kwenye karatasi, kila karatasi ikafungwa ndani ya kidonge cha plastiki, vyote vikamiminwa kwenye chombo kikubwa cha kioo. Ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba, ikapewa namba 1. Mwishowe waliitwa mpaka namba 195.

Sasa angalieni Desemba. Kati ya siku zake 31, siku 26 ziliangukia humo humo ndani ya 195. Kwa kura iliyochanganyika ungetegemea kama 16 au 17 hivi. Kumbe vidonge viliingizwa sandukuni mwezi kwa mwezi, Januari mbele, Desemba mwisho, na kutikiswa kwenyewe kulikuwa kudogo. Hakuna aliyeiba, jamani! Lakini kijana wa Desemba alikuwa karibu zaidi na vita kuliko wa Januari. Kura ya 1970 ilitumia vyombo viwili, kimoja cha tarehe, kingine cha namba, na hata mpangilio wa kuvijaza ulitokana na namba za nasibu.

Wengine watasema siku hizi tuiachie kompyuta. Sawa, lakini kompyuta haina mkono wa kuchota, ina hesabu tu. Miaka ya 1940 John von Neumann alikuwa anachukua namba, anaizidisha kwa yenyewe, anabeba tarakimu za katikati, anarudia. Njia hiyo ikiendelea inaweza kuishia kwenye sifuri na kukwama hapo.

Na hata namba zikiwa nzuri, kuzibana ndani ya mipaka unayotaka kuna mtego wake. Tuseme programu inakupa namba kati ya 0 na 255, zote zenye nafasi sawa. Una majina 100 ya waombaji. Wengi wanagawanya kwa 100, wanachukua baki, wanaongeza 1. Inaonekana safi. Ila jina namba 1 linatokana na 0, 100 na 200, yaani njia tatu. Jina namba 80 linatokana na 79 na 179 tu. Majina 1 mpaka 56 yana njia tatu, 57 mpaka 100 yana mbili. Ni Desemba ile ile, safari hii imejificha ndani ya hesabu, na mwenye jina namba 80 hataona chochote kwenye skrini.

Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: ikitoka 200 au zaidi, itupe, chota nyingine.