Maktaba za amana: safari ndefu ya karatasi za serikali ya Marekani hadi kwenye tarakilishi yako

Leo naacha mambo ya misimbo kando kidogo, niongee kuhusu karatasi za serikali.

Kuna ripoti moja ambayo kila Mkenya anayekumbuka tarehe 7 Agosti 1998 angefaa kuisoma. Ilitolewa Januari 1999 na bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na William Crowe, admirali mstaafu wa Marekani, kuhusu mabomu yaliyolipua balozi za nchi hiyo Nairobi na Dar es Salaam. Humo ndani utasoma kwamba balozi aliyekuwa Nairobi wakati huo, Prudence Bushnell, alikuwa ameandikia wakubwa wake Washington kabla ya shambulio, akisema jengo lile la pembeni mwa barabara lilikuwa hatarini. Hakuna mwandishi wa habari aliyeiba waraka huo. Serikali yenyewe iliuchapisha, na ukiwa Kisumu au Voi unaweza kuusoma bila kulipa senti na bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Swali langu ni la mtu wa kompyuta: mfumo huo ulijengwa vipi? Kwa sababu serikali yoyote inaweza kufungua tovuti. Ugumu ni kuhakikisha kwamba kilichowekwa leo kitapatikana baada ya miaka 30, hata kama kinamwaibisha waziri aliye madarakani. Wamarekani walianza kulishughulikia jambo hili kabla hata ya taa za umeme, na waliowabebea mzigo ni watu wa maktaba.

Mwaka 1813, nchi ikiwa vitani na Waingereza, Kongresi ilipitisha azimio fupi. Lilisema nakala za ziada za kumbukumbu za Bunge zichapishwe, zipelekwe kwa vyuo vikuu na vyama vya historia katika kila jimbo. Nakala zenyewe zilikuwa 200 tu. Mwaka uliofuata, Agosti 1814, Waingereza waliingia Washington wakachoma jengo la Bunge pamoja na maktaba yake. Sisi watu wa programu tuna neno la hiyo: chelezo. Wenzetu walikuwa wameanza kusambaza chelezo miezi kadhaa kabla ya seva kuungua!

Katika miaka ya 1850 kazi ya kugawa vitabu hivyo ikahamishiwa wizara ya mambo ya ndani, na wabunge wakapewa haki ya kuteua maktaba za kupokea. Halafu ikaja GPO, ofisi ya uchapishaji ya serikali, iliyoundwa na Kongresi mwaka 1860 na kufungua milango tarehe 4 Machi 1861, siku ileile Abraham Lincoln alipoapishwa. Kabla ya hapo uchapishaji ulikuwa ulaji wa wenye magazeti waliokuwa marafiki wa chama kilichoshinda. Nadhani Mkenya yeyote anayefuatilia habari za tenda anaelewa bila mimi kueleza zaidi.

Sheria iliyotengeneza mfumo tunaoujua ni ya mwaka 1895. Iliweka msimamizi wa nyaraka ndani ya GPO, ikaanzisha orodha ya kila mwezi ya machapisho yote, na ikasema maktaba zinazopokea lazima zimruhusu mwananchi yeyote azitumie bure. Mimi nimeamua kuziita "maktaba za amana", na sikulichagua neno hilo kwa kubahatisha. Kitabu kinachotumwa huko hakiwi mali ya maktaba. Kinabaki mali ya serikali, maktaba inakitunza tu kwa niaba ya watu. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa nafika kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii. Adelaide Hasse alikuwa mkutubi kijana katika maktaba ya umma ya Los Angeles. Nyaraka za serikali zilikuwa zimerundikana pale bila mpangilio, akaanza kuzipanga kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1895 aliitwa Washington awe mkutubi wa kwanza wa GPO, na njia yake ikawa msingi wa alama zinazotumika mpaka leo.

Werevu wake ni huu. Maktaba ya kawaida hupanga vitabu kwa mada: kilimo hapa, afya pale. Hasse aliona kwamba waraka wa serikali hauna mada moja, lakini daima una mzazi mmoja, yaani ofisi iliyoutoa. Kwa hiyo alipanga kwa ofisi. A ni wizara ya kilimo. A 1.9 ni mfululizo wa vijitabu vya wakulima vya wizara hiyo, na baada ya nukta mbili inafuata nambari ya kijitabu chenyewe. Y 4 ni kamati za Bunge. Y 3 ni tume na bodi, ndiyo maana ripoti ya mwaka 2004 ya tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 inaanza na Y 3. (Ripoti hiyo nayo ina kurasa kuhusu bomu la Nairobi, zisome.) Ukiwa umewahi kuandika Java utaona mara moja kwamba hizi ni kama majina ya vifurushi: mmiliki kwanza, kisha tawi, kisha faili.

Na udhaifu wake ni uleule wa anwani za wavuti. Ofisi ikihama, alama inabadilika. Idara ya hali ya hewa ilipotolewa wizara ya kilimo ikapelekwa wizara ya biashara mwaka 1940, taarifa zilezile za mvua ziliruka kutoka A kwenda C. Mtafutaji asiyejua historia ya ofisi alidhani zilikatika mwaka huo. Leo serikali ikiunganisha wizara mbili, viungo vyote vinavunjika usiku mmoja. Tatizo ni lilelile, na wakutubi walikuwa wameshalizoea. Hasse mwenyewe alihamia New York mwaka 1897, akajenga idara ya nyaraka katika maktaba ya umma ya jiji hilo, na mwaka 1918 akafukuzwa kazi.

Nitaruka miaka mingi hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka 1962 sheria iliongeza idadi ya maktaba na kuunda zile za kanda, ambazo zinatakiwa kupokea kila kitu na kukitunza.

Miaka ya 1990 ndiyo tamu kwetu. Juni 1993 Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyoiagiza GPO iweke mtandaoni kumbukumbu za Bunge na gazeti rasmi la serikali. Huduma ilianza Juni 1994 ikiitwa GPO Access. Ilitumia WAIS, teknolojia ya utafutaji ambayo vijana wa leo hawajawahi kuisikia: seva inafaharasi maneno yote ya waraka, nawe unaiuliza kwa programu maalum au kwa telneti.

Lakini haikuwa bure. Ukitaka kuingia ukiwa nyumbani au kazini, ulilipa usajili wa mamia ya dola kwa mwaka. Waliopewa bila malipo ni maktaba za amana. Hapo wakutubi walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa udukuzi wa heshima. Sheria iliwaruhusu kufungua lango, basi baadhi ya maktaba zikaunganisha huduma hiyo na modemu zao, na mwananchi akapiga simu kwa maktaba yake, akapitia humo, akasoma bure kilichouzwa mlango wa mbele. Ikawa haina maana tena kuuza. Desemba 1995 GPO Access ikafunguliwa kwa dunia nzima bila malipo.

Wakati huohuo mtu mmoja aitwaye Carl Malamud alikuwa akifanya fujo nzuri upande mwingine. Taarifa ambazo kampuni za hisa hupeleka kwa SEC, msimamizi wa soko la mitaji, zilikuwa zinauzwa ghali na kampuni binafsi. Malamud alipata ruzuku, akanunua kanda zenye data hiyo, na kuanzia 1994 akaziweka mtandaoni bure kwa kushirikiana na New York University. Maelfu ya watu walipozizoea, mwaka 1995 akatangaza kwamba anazima huduma, na kwamba mwenye malalamiko aiandikie SEC. Malalamiko yakamiminika. SEC ikachukua kazi hiyo, na Malamud akawaazima hata tarakilishi za kuanzia. Ukifungua EDGAR leo, hapo ndipo ilipotoka. Januari mwaka huohuo wa 1995 Library of Congress nayo ilikuwa imefungua THOMAS, tovuti ya miswada, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Congress.gov.

Mambo haya yalikuwa rahisi kiasi kwa sababu ya kifungu kimoja cha sheria: kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini haina hakimiliki nchini humo. Nakili, chapa, uza, hakuna atakayekushtaki. Kwetu sheria ya hakimiliki ya 2001 imeacha nje sheria zilizoandikwa na hukumu za mahakama, lakini ripoti ya kawaida ya serikali ina hakimiliki, na serikali ndiyo mwenyewe. Nasema kwa wale wanaoniuliza kwa nini hatunakili tu kila kitu.

Sasa turudi kwenye ile amana. Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, GPO iliziandikia maktaba ikiziamuru kuharibu diski moja iliyochapishwa mwaka 1999 kuhusu vyanzo vya maji ya miji mikubwa. Maktaba zilitii, kwa sababu diski haikuwa yao. Mwaka 2004 wizara ya sheria ilitaka vijitabu vitano kuhusu utaifishaji wa mali viharibiwe pia. Viwili kati yake vilikuwa maandishi ya sheria tu, yanayopatikana popote! Chama cha wakutubi cha Marekani kilipinga hadharani na amri ikafutwa. Lakini angalia hesabu yake: ili kuficha vijitabu vitano ilibidi kuandikia mamia ya maktaba, na barua hiyo ikawa habari. Kufuta faili kwenye seva moja hakuhitaji barua. Kunahitaji mtu mmoja na nywila.

Ndiyo maana watu wa Stanford, mkutubi Victoria Reich na mhandisi David Rosenthal, walitengeneza LOCKSS, mfumo ambao kila maktaba inaweka sanduku lake dogo lenye nakala zake. Masanduku hupigiana kura: kila moja linakokotoa alama ya kidijitali ya faili, wanalinganisha, na nakala iliyoharibika au kuchezewa inarekebishwa kwa kufuata wengi. Maktaba kadhaa zinautumia kutunza nyaraka za GPO. Ni azimio la 1813 lililoandikwa upya kwa msimbo. Na University of Illinois at Chicago, ambayo maktaba yake ni ya amana, iliingia ubia na wizara ya mambo ya nje na kutunza nyaraka za kielektroniki za wizara hiyo za miaka ya 1990.

Kama ulidhani hofu hii ni ya wazee, kumbuka mwanzo wa 2025. Mwishoni mwa Januari kurasa na data za afya ziliondolewa kwenye tovuti za serikali hiyo, mpaka jaji akaamuru Februari baadhi zirudishwe. Mwezi huohuo maktaba ya shule ya sheria ya Harvard ilitoa nakala ya data.gov yenye seti zaidi ya 311,000, ukubwa wa terabaiti 16, iliyokuwa imekusanywa tangu 2024. Tena ni maktaba.

Kwa anayetaka kujaribu: anza na govinfo.gov, mrithi wa GPO Access na wa FDsys iliyofuata. Huhitaji akaunti. Andika Nairobi, kisha chuja kwa vikao vya kamati za Bunge, utashangaa ni mara ngapi tumejadiliwa. Ina API pia, ufunguo wake ni wa bure. Kwa mawasiliano ya siri ya zamani yaliyofunguliwa, nenda history.state.gov. Nyaraka zetu nazo zina njia: Kenya Law ina sheria na hukumu, matoleo mengi ya zamani ya Kenya Gazette yako Google Books kurasa zote, na kisichopatikana unaweza kukiomba ofisini kwa sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016. Pia usisahau kwamba Library of Congress ina ofisi hapa Nairobi tangu 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika, yakiwemo ya serikali. Kuna ripoti ya Kenya ambayo orodha yake utaipata haraka zaidi kwenye katalogi ya Washington.

Maktaba za amana sasa ni zaidi ya 1,100. Julai 2025 seneta Alex Padilla wa California, akitumia ile haki ya wabunge kuteua iliyotoka miaka ya 1850, aliteua moja mpya: Internet Archive, ambayo mlango wake wewe unaufungulia kwenye simu.