Wareno Wala Nini Kwao? Samaki Mkavu Aliyepanda Cheo

Akitajwa Mreno hapa Mombasa, la kwanza kuja mdomoni ni Fort Jesus na mizinga yake. Ni wachache waulizao: watu hawa kwao wala nini? Leo nalijibu swali hilo, kwani ndani yake naona funzo kwetu sisi watu wa ng'onda na papa.

Mreno hufungua kinywa kwa chakula chepesi: mkate wa siagi na kahawa ya maziwa. Chakula cha mchana huwa kiasi cha saa saba, cha usiku kiasi cha saa mbili, na kwa desturi vyote viwili hutanguliwa na supu. Maarufu zaidi ni caldo verde ya kaskazini: viazi vilivyopondwa, mboga ya jamii ya sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama uzi, na mafuta ya zeituni. Huliwa kwa broa, mkate mzito wenye unga wa mahindi.

Kusini, katika jimbo la Alentejo, mkate uliokauka hautupwi. Hupikwa açorda: thomu, dania na chumvi hutwangwa, hutiwa mafuta ya zeituni na maji ya moto, kisha vipande vya mkate hurowekwa humo na yai likawekwa juu. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa tharidi. Waislamu walitawala kusini mwa Ureno tangu karne ya 8 hadi Faro ilipotekwa mwaka 1249. Utawala uliondoka, maneno ya jikoni yakabaki: azeitona ni zeituni, arroz ni mchele, açúcar ni sukari. Sisi nasi twasema zeituni na sukari kutoka chemchemi hiyo hiyo ya Kiarabu. Neno meza, hilo tulilipata kwa Wareno wenyewe.

Sasa tuje kwenye samaki. Ureno ina pwani ndefu, na mwezi wa Juni dagaa wakubwa wa sadini huchomwa mitaani Lisbon. Hata hivyo, samaki anayeenziwa kuliko wote hapatikani katika maji yao. Ni bacalhau, samaki wa bahari ya baridi, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Tangu karne ya 16 Wareno walimfuata mpaka Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki. Kanisa Katoliki lilikuwa na siku nyingi za kutokula nyama, na samaki mkavu aliweza kusafirishwa hadi vijiji vya bara bila kuoza. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili, na maji hubadilishwa mara kadhaa. Wao humwita "rafiki mwaminifu", na usiku wa kuamkia Krismasi ndiye mwenye meza, akichemshwa kwa viazi na kabichi.

Kwa vijana wetu waendao huko kusoma, nina tahadhari. Nguruwe na mvinyo vimeenea katika mapishi yao. Hata ile caldo verde mara nyingi huwekwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe, basi uliza kabla ya kula. Iko pia soseji ya mkate na kuku iitwayo alheira. Yasimuliwa kuwa ilibuniwa na Mayahudi waliolazimishwa kubatizwa mwaka 1497, ili waonekane wala soseji kama jirani zao. Leo nyingi hutiwa nguruwe. Na mkahawani, mkate na zeituni viwekwavyo mezani bila kuagizwa si vya bure: ukivila, utavilipia.

Nionavyo mimi, chakula hiki kingi kilianza kama riziki ya mnyonge: mkate mkavu, mboga za shambani, samaki wa chumvi. Mreno hakukionea haya. Alikiandika vitabuni, akakipeleka hotelini, na humkaribisha mgeni kwacho. Kwetu ng'onda amekuwa chakula cha kuliwa mlango umefungwa, na mgeni akibisha hodi hukimbiliwa kuku wa duka. Hebu jiulize, ndugu msomaji: ni lini mara ya mwisho ulimwandalia mgeni wa heshima ng'onda wa nazi?