Ndege mbuai wa mchana wa Usambara

Ndege mbuai wa mchana wa Usambara ni tai, shakivale, vipanga, mwewe, kozi na jamaa zao wanaowinda wakati wa mwanga katika Milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, Tanzania. Bundi hawamo, kwa kuwa wana oda yao wenyewe.

Uainishaji

Zamani wote waliwekwa katika oda Falconiformes kwa sababu ya domo lililopindika na kucha kali. Tafiti za DNA za mwaka 2008 na baadaye zimeonyesha kwamba kozi wana undugu wa karibu zaidi na kasuku na shomoro kuliko na tai. Kwa hiyo kozi wamebaki katika Falconiformes, na wengine wamehamishiwa Accipitriformes. Tabia zao pia ni tofauti: kozi hawajengi tago bali hutaga juu ya majabali au katika matago ya ndege wengine, na huua kwa kung'ata shingo. Tai na shakivale hujenga kwa vijiti na huua kwa kucha.

Shakivale na mwewe

Shakivale Buteo augur huonekana kwa urahisi karibu na Lushoto, akitua juu ya nguzo kando ya mashamba. Mpevu ana mkia mwekundu-kahawia. Watu wengi humwita mwewe na kumshuku kwa wizi wa vifaranga, lakini chakula chake kikuu ni panya, pamoja na mijusi na nyoka. Jambo hilo si dogo katika wilaya iliyopata milipuko ya tauni kuanzia 1980, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Mwewe wenyewe, ambao mkia wao una panda, hunyakua vifaranga kweli.

Tai mwenye kishungi

Tai huyu (Stephanoaetus coronatus) huishi ndani ya misitu kama ile ya Magamba na Amani. Huwinda mbega, kima, pimbi na paa wadogo, na aweza kuua mnyama mzito kuliko yeye mwenyewe. Jike, aliye mkubwa kuliko dume, hutaga yai 1 au 2, lakini kwa kawaida kinda mmoja tu hubaki hai. Kinda huruka baada ya takriban siku 110, kisha huendelea kulishwa miezi 9 hadi 11. Kwa hiyo jozi moja hulea kinda mmoja kila miaka miwili, na mti wa tago ukikatwa, msimu mzima hupotea.