Mwalimu na Mrithi Wake: Habari za Bukumbi na Kando ya Nyanza

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya shuleni au vijijini, leo tunapenda kuwaeleza habari za kazi ya dini ya Kikristo kando ya Ziwa Viktoria. Si nia yetu kuyahesabu makanisa yaliyojengwa. Twataka kuuliza jambo moja tu: mwalimu akiisha kuondoka, kazi yake hubaki mikononi mwa nani?

Kusini ya mji wa Mwanza, kando ya ghuba, pana mahali paitwapo Bukumbi. Mapema katika mwaka 1883 Mapadre Weupe walifika huko kwa mitumbwi, wakitoka Buganda. Walikuwa wamefundisha katika nchi ya Kabaka Mutesa tangu mwaka 1879. Lakini moyo wa Kabaka uligeuka, nao wakaona hatari, hata mwezi wa Novemba 1882 wakaondoka pamoja na watoto waliowakomboa katika utumwa. Nyuma yao waliacha Wakristo wachache, na baadhi yao walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule. Mtu angaliweza kudhani kwamba moto ule mdogo utazimika.

Haukuzimika. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa nyumba ya Kabaka, aliwakusanya vijana wa ikulu akawafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, aliwauguza wagonjwa wa tauni na kuwazika wafu wao. Matiya Mulumba, aliyekuwa mkubwa mwenye watumwa, aliwaacha huru, akashika jembe kwa mikono yake mwenyewe. Basi watu waliona utumishi kwanza, ndipo wakauliza habari za mafundisho. Mwaka 1884 Mutesa alifariki. Kabaka Mwanga, aliyemfuata, akatuma mitumbwi Bukumbi kuwaita mapadre, nao wakarudi mwezi wa Julai 1885. Walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha.

Haukupita mwaka, nao watatu hao wakauawa kwa amri ya Mwanga: Mukasa mwezi wa Novemba 1885, Kaggwa na Mulumba mwezi wa Mei 1886. Lakini kila mmoja wao alikwisha kuacha wengine waliojua kusali, kufundisha na kuhudumia wagonjwa. Aliyewaua walimu hakuweza kuwamaliza wanafunzi.

Upande wa Waprotestanti nao ulikuwa na mwalimu wa namna hiyo. Alexander Mackay, fundi Mskoti, alifika Buganda mwaka 1878. Vijana waliomwendea aliwapa vitabu, akawapa pia nyundo, msumeno na herufi za kupiga chapa. Alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini ya ziwa, akaendelea kutafsiri Maandiko na kufundisha kazi za mikono. Homa ilimwua huko tarehe 8 Februari 1890. Hakurudi tena Buganda, lakini wasomaji aliowafundisha walikuwa wakiwasomesha wenzao.

Wazee wetu husema: Samaki mkunje angali mbichi. Askofu Jean-Joseph Hirth aliyafuata maneno hayo. Alitaka vijana wa nchi yenyewe wafundishwe kuwa mapadre, na kwa kazi hiyo seminari ikawekwa Rubya, katika nchi ya Ihangiro. Mafundisho yalikuwa marefu, zaidi ya miaka kumi, na Kilatini kilikuwa kigumu. Wengi waliingia, wachache wakafika mwisho. Hata tarehe 15 Agosti 1917, vita kuu ikiwa bado inaendelea duniani, wanne walipewa upadre: Celestine Kipanda, Angelo Mwirabure, Oscar Kyakaraba na Willibald Mupapi. Wawili walitoka Ukerewe, wawili Buhaya. Hao ndio mapadre Wakatoliki Waafrika wa kwanza katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika.

Wala wasiofika altareni hawakupotea. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma Rubya, akarudi kwao kufundisha dini, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya watu wake. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Buhaya mwaka 1912, alipita Rubya pia. Akawa padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho.

Tuhesabu kwa haki. Tangu mitumbwi ilipofika Bukumbi hata upadre wa wale wanne ni miaka 34. Hata askofu wa kwanza mzaliwa wa Tanganyika ni miaka 69. Ni muda mrefu. Kulea mtu kwahitaji saburi, lakini wako pia walezi wasiopenda kuiachilia fimbo, nao huiita saburi. Wakristo wa Buganda walionyesha katika miaka michache kwamba mwanafunzi aweza kuliongoza kundi kabla mwalimu hajamdhania hivyo.

Basi, wewe uliye mwalimu, mzee wa kanisa, mganga au fundi, mtazame kijana aliye karibu nawe. Mpe kazi ya kweli angali nawe, akosee na kujifunza machoni pako. Siku ya kuondoka haikupi habari mbele. Nao wagonjwa, wajane na watoto wa shule watahitaji mtu kesho yake asubuhi.