Jedwali la Makosa na Meneja Aliyefungiwa Nje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshavuka miaka 20, na katika ofisi nyingi za Tanzania barua ya kumwita mtu kwenye kikao cha nidhamu imekuwa karatasi ya kawaida. Vijana wa idara za rasilimali watu huijaza kwa dakika chache, wengi wao bila kujua ugomvi uliotangulia.

Enzi ya Mwingereza hapakuwa na barua. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kazi kuwa mhalifu, ilhali bwana aliyemfukuza alitakiwa tu kutoa notisi au mshahara wake, yakaisha.

Mabadiliko yalikuja 1964, mwaka wa maasi ya jeshi. Serikali ililivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya usalama wa ajira. Profesa Issa Shivji, ambaye vitabu vyake ndivyo msingi wa simulizi hii, anaiona kama sheria iliyotoa kwa mkono mmoja na kunyang’anya kwa mwingine.

Kilichotolewa hakikuwa kidogo. Penye wanachama 10 au zaidi paliundwa kamati ya wafanyakazi, na mwajiri hakuweza kumfukuza mtu papo hapo bila kuihusisha. Kanuni za Nidhamu ziliambatana na jedwali: kosa upande huu, adhabu upande ule, kuanzia onyo la maandishi hadi kufukuzwa. Asiyeridhika alikwenda Baraza la Usuluhishi, kisha kwa Waziri. Hapo ndipo mkono wa pili ulipotokea: neno la Waziri lilikuwa la mwisho, na kifungu cha 28 kiliifunga milango ya mahakama.

Tena jedwali lile lilimhusu mfanyakazi peke yake. Bosi mwenye matusi hakuwa na safu yake.

Safu hiyo ilipatikana Februari 1971, chama tawala, TANU, kilipotoa tamko lake la Mwongozo wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda. Ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Huenda walioiandika hawakutarajia itasomwa viwandani, lakini ilisomwa kwa makini. Katika miaka miwili iliyofuata ilizuka migomo ipatayo 30, na mingi haikudai mshahara. Wafanyakazi walilalamikia kudharauliwa na mameneja, wakawataja kwa majina, wakawasomea mashtaka yao na kuwafungia geti wabaki nje. Kikao cha nidhamu kilikuwa kimegeuzwa kichwa chini, na mtuhumiwa sasa alivaa tai.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi wakakitwaa kiwanda chenyewe. Mwanasheria Pascal Mihyo aliandika juu ya mapambano hayo mwaka 1975. Serikali ya chama kilichoutoa Mwongozo iliyajibu baadhi yake kwa polisi. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kuona kejeli yake.

Baadaye mambo yalipoa. Ikaja JUWATA badala ya NUTA, ukaja ubinafsishaji, kisha sheria ya 2004 ikataka sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni za 2007 zikaongeza notisi ya saa 48, msaada wa mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti asiyehusika na tukio.

Utekelezaji ni jambo lingine. Mara nyingi saa 48 hutolewa wakati barua ya kufukuza imeshachapwa. Mahakama ya Rufani nayo imekubali kwamba sababu ikiwa halali na utaratibu pekee ukakiukwa, fidia inaweza kushuka chini ya mishahara ya miezi 12. Huko ni kuifanya haki ya kusikilizwa kuwa bidhaa ya bei nafuu, na mwajiri mwenye fedha anajua hesabu hiyo. Hata akiamriwa kumrudisha mtu kazini, kifungu cha 40 cha sheria ya 2004 kinamruhusu kukataa, ilimradi alipe.